Nina antivairasi ya kulipia. Je, niongeze na ya pili?

SWALI: Kaka, shikamoo. Nina steshenari Malimbe, Mwanza, jirani na chuo kikuu cha SAUT. Mashine yangu ya kaunta ni Windows 10, RAM GB 4, diski ya kawaida ile inayozunguka. Nina ESET ya kulipia, leseni iko hai. Flashi za wanachuo ndizo zinazonitesa. Hivi karibuni fundi aliniwekea antivairasi nyingine ya bure juu yake, akasema ulinzi utakuwa mara mbili. Mashine ikawa nzito, kufungua Word tu unasubiri. Fundi mwingine akaitoa, akaniwekea Malwarebytes, akasema hii haigombani na nyingine kwa sababu ni ya kukagua tu. Nilipokagua ikaleta vitu 43, wakati ESET siku zote inaniambia mashine ni salama. Ni kweli naweza kuwa na ya pili ya kukagua tu? Na hii ninayoilipia ina kazi gani kama imepitwa na vitu 43? Nimekutumia ripoti na picha za mipangilio yote niliyoweza kufungua.

JIBU: Marahaba, dada. Umefanya vizuri kutuma na picha za mipangilio, maana jibu la swali lako la mwisho limo humo, si kwenye ripoti. Kwa kifupi: ndiyo, antivairasi ya pili inafaa, mradi iwe ile unayoiita ikague kisha inafunga kazi. Fundi wako wa pili alikuwa sahihi, ila kuna swichi moja aliiacha wazi. Wa kwanza alikosea. Na ESET yako haikupitwa na vitu 43. Iliambiwa isiviangalie.

Tuanze na ule uzito. Antivairasi inayolinda muda wote haikai juu juu kama Word au Chrome. Inaweka draiva yake chini kabisa, kwenye kiini cha Windows, katikati ya programu zako na diski. Ukibonyeza barua ya mteja, faili haliendi kwa Word moja kwa moja. Linasimamishwa, linakaguliwa, ndipo linapita. Na Word inapowaka haifungui faili moja, inafungua makumi ya mafaili yake yenyewe, na kila moja linapita mlango huohuo. Ukiweka antivairasi mbili za namna hiyo umepata daladala ya Igoma yenye makonda wawili: kila mmoja anadai nauli kwa kila abiria, hakuna anayekubali tiketi ya mwenzake, na gari halitoki kituoni. Tena ya kwanza ikifungua faili ili ilikague, ya pili inaona faili limefunguliwa, nayo inaanza kulikagua. Kwenye mashine yenye SSD (diski ya kasi isiyozunguka) na RAM ya kutosha unaweza usiligundue hilo haraka. Kwenye diski ya kuzunguka na GB 4 unaliona kwa macho.

Uzito si tatizo pekee. Antivairasi hubeba ndani yake alama za kutambulia virusi, na huhifadhi ilivyovikamata kwenye karantini, yaani chumba cha kuvifungia visifanye kazi. Nyingine ikipita huko inaweza kudhani imekuta virusi hai, ikaanza kuvitoa. Mara nyingine zote mbili zinang'ang'ania faili moja kwa wakati mmoja, mashine inaganda, au inakuletea ile skrini ya bluu. Waliotengeneza Windows wanalijua hili, ndiyo maana ukiweka antivairasi nyingine iliyojisajili sawasawa kwenye Windows 10 au 11 ya kawaida, Microsoft Defender inajiweka pembeni yenyewe bila kuulizwa.

Programu ya kukagua tu ni jambo jingine kabisa. Haina mtu mlangoni. Unaifungua, inapita diski, inakuletea ripoti, unaifunga. Kwa sababu ESET bado iko mlangoni, kila faili ambalo mkaguzi wa pili analifungua linapita pia mbele ya ESET. Kwa hiyo usishangae ukaguzi ukienda polepole, au ESET ikapiga kelele katikati ya ukaguzi wa Malwarebytes. Huo si ugomvi. Ni faili lililokuwa limelala siku nyingi bila kuguswa na mtu, sasa limeguswa.

Sasa ile swichi. Malwarebytes ukiiweka mara ya kwanza kwa kawaida inakuanzishia majaribio ya toleo la kulipia kwa siku 14. Katika siku hizo si mkaguzi tu tena, ni mlinzi kamili wa muda wote, yaani umerudi kulekule alikokupeleka fundi wa kwanza. Majaribio yakiisha inarudi kuwa ya kukagua tu, lakini wewe usisubiri: ingia kwenye mipangilio ya akaunti ndani ya programu, sitisha majaribio. Kisha kwenye mipangilio ya usalama tafuta chaguo linaloisajili Malwarebytes kwenye Windows Security Center, hakikisha limezimwa. Halafu fungua Windows Security, sehemu ya virusi, uone nani ameandikwa kuwa ndiye mlinzi. Iwe ESET, peke yake. Na kwa kuwa wewe ni biashara, soma masharti kabla hujazoea: programu nyingi za bure za aina hii, Malwarebytes ikiwemo, zinatolewa bure kwa matumizi ya nyumbani. Nitakupa njia ambayo haina kigugumizi hicho.

Twende kwenye vitu 43, maana hapa ndipo watu wanapoogopeshwa na kuuziwa.

Namba ya mwisho ya ripoti haina maana mpaka usome majina yaliyo kushoto. Ripoti yako ina mistari 34 inayoanza na PUP.Optional. Hizo ni programu zisizotakiwa, si virusi: ile kitu inayokubadilishia ukurasa wa mwanzo wa Chrome na kukujazia matangazo. Ukitazama njia za mafaili utaona yote 34 ni mzigo wa programu moja tu ya kupakulia video. Malwarebytes imehesabu kila faili lake na kila alama yake kwenye rejista ya Windows kama kitu kimoja kimoja. ESET nayo inazijua programu za namna hii, lakini huwa inauliza siku ya kuiweka kama unataka izikamate au la. Kwenye picha yako hilo limezimwa. Mtu aliyeiweka alibonyeza "hapana" ili apite haraka.

Mistari sita inayofuata ni HackTool. Hiyo ni kile kifaa ambacho fundi alitumia kuamsha Windows na Office bila leseni. Siwezi kukuambia ni salama au si salama kwa jina pekee. Wakaguzi wengi wanakipiga alama kwa sababu ya kazi kinayoifanya, lakini pia ni kweli kwamba vifaa hivi husambazwa kwenye mafaili yaliyozipiwa pamoja na programu nyingine za wizi ndani yake, na fundi aliyekipakua hajui amepewa kipi. Ushauri wangu uko wazi: kitoke, na siku ukipata nafuu ununue leseni.

Yaliyobaki ni matatu. Haya ndiyo yangekufanya ufunge mlango wa duka kwa saa moja. Ni mafaili mawili yanayoishia na .vbs na shotikati moja, yako ndani ya AppData\Roaming (folda iliyofichwa ambamo programu huweka vitu vyake), na moja limejiweka kwenye orodha ya vinavyowaka na Windows. Huyo ni mnyoo wa flashi, yaani kirusi kinachojinakili chenyewe kutoka flashi hadi mashine na kurudi. Ukoo wake ni wa zamani; mmoja maarufu, Houdini, ulionekana mwaka 2013, na bado ndugu zake wanazunguka kwenye flashi za vyuoni. Kazi yake haiishii kuharibu flashi. Wengi wa ukoo huu humfungulia mtu wa mbali mlango wa kuiendesha kompyuta yako na kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Fikiria nani wamekaa kwenye hiyo mashine yako: mwanafunzi anayeomba mkopo wa HESLB, anayejaza Ajira Portal, mfanyabiashara anayewasilisha ritani ya kodi. Kwa hiyo mashine ikishasafishwa, nywila zako zibadilishe ukitumia simu au kompyuta nyingine, futa zote zilizohifadhiwa kwenye Chrome ya kaunta, na wateja unaowajua waliowahi kuingia kwenye akaunti zao hapo waambie nao wabadilishe.

Kwa nini ESET haikuona mnyoo wa kizamani hivyo? Tazama ile picha yako ya sehemu iitwayo Exclusions, yaani mafaili ambayo antivairasi imeagizwa iyaruke. Imeandikwa C:\Users\*. Fundi alipozipua kile kifaa chake kwenye Downloads, ESET ikakikamata, naye badala ya kusamehe faili moja akasamehe folda nzima ya watumiaji. Downloads imo humo. Desktop imo humo. AppData nayo imo humo, na ndiko minyoo inakopenda kujenga. Malwarebytes ilikuta kitu kwa sababu yenyewe haikupewa agizo hilo. Ufute huo mstari leo, washa ukamataji wa programu zisizotakiwa, kisha weka nywila kwenye mipangilio ya ESET (inaruhusu), na fundi ajaye akitaka kuizima akuombe wewe.

Ndiyo faida kubwa ya mkaguzi wa pili kwenye mashine kama yako. Tofauti ya ujuzi kati ya kampuni moja na nyingine ipo, lakini mara nyingi kinachojitokeza ni mambo ambayo wa kwanza alifungwa mikono: misamaha, leseni iliyokwisha kimyakimya, apdeti zilizokwama kwa sababu bando liliisha. Antivairasi yenyewe ikiwa imekrakiwa ndiyo usiseme. Yako si hivyo, nashukuru. Wa pili akikuta kitu, swali la kwanza liwe: kwa nini wa kwanza hakukiona? Usikimbilie kumfukuza.

Nani awe wa pili? Kanuni ni moja: atumie injini, yaani ile sehemu inayotambua virusi, tofauti na ya wa kwanza. Wewe una ESET, basi ESET Online Scanner, ambayo ni nzuri kwa mwingine, kwako ni kumuuliza mtu yuleyule swali lilelile. Avast na AVG ni ukoo mmoja tangu Avast ilipoinunua AVG mwaka 2016. Emsisoft inatumia injini yake pamoja na ya Bitdefender, kwa hiyo mwenye Bitdefender akiichukua Emsisoft amepata nusu ya jicho jipya.

Kwako wewe jicho la pili tayari limo ndani ya mashine, na hulilipii hata senti. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, shuka mpaka kwenye mstari wa Microsoft Defender Antivirus options, washa swichi iitwayo Periodic scanning. Swichi hii ipo tangu apdeti kubwa ya Windows 10 ya mwaka 2016 na wengi hawajui ipo. Ukiiwasha, ESET inabaki mlinzi wa mlangoni, na Defender inakagua mara mojamoja mashine ikiwa imetulia, tena unaweza kuiita mwenyewe wakati wowote. Haisimami mlangoni, kwa hiyo hakuna makonda wawili.

Ukitaka kitu cha kubeba kwenye flashi, kuna Microsoft Safety Scanner. Ni faili moja, haisakinishwi, unalipakua kwenye tovuti ya Microsoft, unalibonyeza, linakagua. Linakufa siku 10 baada ya kupakuliwa, makusudi, ili usikague na orodha ya kizamani. Ni zito kidogo kwa mwenye bando la kupima, kwa hiyo lipakue pale kwenye Wi-Fi, si kwa simu yako. Jambo moja linawatoa watu jasho: wakati linapita diski linaonyesha kihesabu cha mafaili "yaliyoambukizwa", labda 7, labda 12, halafu mwisho linasema halikukuta kitu. Halijaficha chochote. Kihesabu kile ni cha vitu vya kutiliwa shaka, ambavyo huhakikiwa kabla ya hukumu. Hukumu ni ile ya mwisho, na imeandikwa kwenye faili msert.log ndani ya C:\Windows\Debug.

Malwarebytes ukitaka kuibakisha kwenye laptopu yako ya nyumbani, ibakize. Ni nzuri hasa kwa zile programu zisizotakiwa, pamoja na dada yake AdwCleaner. Lakini usirundike. Nimeona kompyuta za watu wenye wakaguzi wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuapdetiwa.

Lini umwite? Si kila siku. Ukaguzi wa haraka unapita kumbukumbu ya mashine, vinavyowaka na Windows, na folda ambazo virusi hukaa. Huo unatosha mara moja kwa wiki, jioni ukifunga. Ukaguzi kamili wa diski yako ya kuzunguka unaweza kula saa nyingi, uache usiku wa Jumamosi, na chaji iwe imechomekwa kama ni laptopu. Mwite pia nje ya ratiba: fundi akishaondoka, kivinjari kikianza kufungua kurasa ambazo hukuziomba, feni ikilia wakati hakuna unachofanya, au mteja wa pili akilalamika kwamba flashi yake "imeharibikia kwako".

Akikuta kitu, peleka karantini, usifute. Wakaguzi husingizia pia. Tarehe 21 Aprili 2010 apdeti moja ya McAfee iliona svchost.exe, faili halali la Windows XP, ikasema ni virusi. Mashine duniani kote zikaingia kwenye kuzima na kuwaka zenyewe. Septemba 2022 Defender nayo iliipigia kelele Chrome na programu nyingine kwa jina la Hive.ZY, kisha Microsoft ikarekebisha. Faili likiwa karantini unaweza kulirudisha. Likifutwa, na lilikuwa la programu yako ya risiti, utanitafuta usiku.

Sasa kaunta, maana hapo ndipo mzigo unapoingilia na hakuna mkaguzi wa usiku atakayekuokoa mchana.

Mwanafunzi anakuja, anachomeka flashi, ndani kuna folda yake FIELD REPORT. Itazame vizuri kabla hujaibonyeza. Ikiwa na mshale mdogo kwenye kona ya chini, hiyo si folda, ni shotikati. Bonyeza kulia, fungua Properties, soma mstari wa Target: ukikuta umeanza na cmd.exe au wscript.exe, kisha jina la ajabu linaloishia .vbs au .js, umekutana naye. Akibonyeza mara mbili, shotikati inamwendesha mnyoo kwanza, halafu inamfungulia folda halisi ili asishtuke. Folda halisi ipo palepale kwenye flashi, imefichwa tu. Na hapa ndipo ugomvi wa kaunta unapotokea: ESET inafuta shotikati, flashi inaonekana tupu, kijana anasema umemfutia ripoti ya fildi. Hujamfutia. Kwanza iache antivairasi imalize, kisha fungua Command Prompt, andika hivi, ukibadilisha E kuwa herufi ya flashi yake:

attrib -h -s -r /s /d E:\*.*

Folda zinarudi mbele ya macho yake. Fanya hilo akiwa amesimama hapo anaona, usiichukue flashi nyuma ya duka.

Siku hizi autorun ya flashi, yaani programu kujiwasha yenyewe flashi ikichomekwa, si tishio kama zamani, Windows 7 iliizima na mwaka 2011 Microsoft ikaizima hata kwa XP na Vista kwa apdeti. Kilichobaki ni kidole cha mtu. Kwa hiyo washa kwenye Windows uonyeshaji wa viambishi vya majina ya mafaili, ili picha.jpg.exe ionekane ilivyo. Zima AutoPlay. Wape wanachuo njia nyingine ya kukufikishia kazi, barua pepe au WhatsApp ya duka, na flashi ziwe za wachache. Na flashi yako mwenyewe ya kusakinishia programu isichomekwe kwenye mashine ya kaunta, basi.

Mkaguzi wa pili ana mipaka yake pia. Anakagua akiwa ndani ya Windows ileile ambayo huenda imeshikwa, na kirusi kinachojua kazi yake kinaweza kumwonyesha anachotaka akione. Ukikagua, ukasafisha, kikarudi palepale kesho yake, acha kurudia. Kagua kutoka nje: Defender ina ukaguzi wa Offline unaozima mashine na kukagua kabla Windows haijawaka, kama robo saa hivi, au tengeneza flashi ya Kaspersky Rescue Disk, uwashe kompyuta kwa hiyo. Ikirudi hata baada ya hapo, piga Windows upya, na safari hii isiwe ile ya fundi yenye kila kitu ndani.

Na hakuna mkaguzi, wa kwanza wala wa pili, anayefungua mafaili yaliyofungwa na kirusi cha kudai fidia. Anaweza kukiondoa kirusi; mafaili yanabaki yamefungwa. Nakala ya kazi za wateja na hesabu zako iwe kwenye diski ya nje ambayo haikai imechomekwa.

Kuna mafundi watakuambia kila faili la mashaka ulipandishe VirusTotal. Ni huduma nzuri, ilianzia Hispania mwaka 2004, Google ikainunua 2012, na inalipitisha faili lako kwa injini zaidi ya hamsini kwa mpigo. Lakini kinachopandishwa pale hakibaki siri, kampuni na watafiti wanaweza kukipakua. Faili la .exe la mashaka, pandisha. Cheti cha kuzaliwa cha mteja, kitambulisho cha NIDA, fomu ya mkopo: usipandishe kamwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na steshenari inayohifadhi vyeti vya watu haiko nje yake. Ukitaka kuuliza bila kupandisha, tafuta kwa alama ya faili, ile SHA-256, namba ndefu inayotambulisha faili hilo peke yake. Windows yenyewe inaweza kukupa.

La mwisho ni Windows 10 yenyewe. Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wameahidi Defender kuendelea kupata orodha mpya za virusi humo mpaka Oktoba 2028, na ESET yako bado inafanya kazi, lakini kutambua virusi ni kitu kimoja na kuziba matundu ya Windows ni kingine. Angalia kama mashine inakubali Windows 11. Kama haikubali, na bajeti ni ndogo, anza na kubadilisha diski uweke SSD na kuongeza RAM ifike GB 8, hapo ukaguzi uliokuwa unakula usiku mzima utaisha kabla hujamaliza kuhesabu mauzo. Mashine mpya uipange kwa msimu ujao wa maombi ya mikopo, hela ikiwa mkononi.